Swichi ya Koridoni

Simu ilimkuta Mama Breka amelala chali chini ya kaunta ya duka, testa mdomoni, akiutafuta waya uliogugunwa na panya. Sauti ya mwanaume ikasema inatafuta fundi wa nyumba za zamani.

"Nyumba ina taa kila chumba, lakini soketi ni moja tu," sauti ikaeleza. "Iko chumbani kwa mama, nayo imeanza kuungua. Mama karudi kutoka hospitali na mashine ya oksijeni. Mafundi wawili wameshakuja. Wakiugusa ukuta kwa tindo, unamwagika wote. Tumesikia kuna fundi anayepitisha nyaya nyuma ya skatingi, zile mbao za chini ya ukuta."

"Ndiye mimi. Nyumba iko wapi?"

Aliuliza ingawa alishajua. Alimwacha mwanaume aeleze mpaka mwisho, kata kushoto, pita kisima cha zamani, geti la kijani, utadhani yeye hakuwahi kuifagia njia hiyo kila asubuhi ya ndoa yake. Kisha akasema atakuja kesho. Mwanaume akashukuru na kukata simu. Hakuitambua sauti. Alilala naye kitanda kimoja, akala chakula cha mikono yake, akazaa naye, na sauti hakuitambua! Hilo nalo Mama Breka akaliweka moyoni, juu ya mengine yaliyokuwamo.

Jina la Mama Breka alipewa na mafundi wenzake, wanaume watupu, kwa sababu akiudhiwa hana maneno ya nusunusu. Anakata yote kwa mpigo mmoja, na nyumba nzima inabaki gizani. Watu wakimwona na mkanda wa vifaa kiunoni hudhani alizaliwa akiupenda umeme. Hakuupenda. Alifunzwa kuutamani, na mwalimu wake alikuwa mama mkwe.

Nyumba ile ilijengwa na baba mkwe ambaye hakumkuta hai. Umeme uliingia zama ambazo umeme maana yake ilikuwa taa, na soketi moja ilitosha, ikawekwa chumbani kwa mwenye nyumba kwa ajili ya redio. Mzee akafa, redio ikafa, soketi ikabaki kwa mjane. Naye mjane akaijua thamani yake kuliko hata fundi aliyeifunga. Ukitaka kupiga pasi, unaomba. Ukitaka kuchaji simu, unaomba. Na kuomba kwenyewe kulikuwa na utaratibu: unasimama mlangoni, kizingiti huvuki, unasema, "Shikamoo mama, naomba umeme," halafu unangoja. Mama yuko kitandani anakunja nguo, na angeweza kumaliza furushi zima kabla hajatoa marahaba. Akitoka nyumbani, mlango unafungwa na ufunguo unaingia kifuani, ndani ya sidiria, mahali ambapo hata mwanawe hakuweza kuufuata.

Mwanawe huyo, mume wa Mama Breka, watu walimwita Mpole, na alikuwa mpole kweli. Wapo wapole ambao upole wao ni uvivu tu wa kugombana, umevalishwa nguo safi.

Sasa, mchana mmoja mama mkwe alikwenda harusini, mji wa pili, na ufunguo wake kifuani. Huku nyuma mtoto wa Mama Breka, binti asiyetimiza hata mwaka, akabanwa na kifua. Hospitali walikuwa wamempa mashine ndogo ya kupulizia dawa ya pumu, na mashine hiyo haili maneno, inakula umeme. Mama Breka aliusukuma mlango wa chumba kwa bega. Akausukuma kwa kiti. Kiti kikavunjika. Mwishowe akamweka mtoto begani, mashine kwapani, akavuka barabara pekupeku akigonga nyumba za watu. Ya kwanza haikuwa na mtu. Ya pili walikuwa wamekatiwa umeme. Ya tatu, mwanamke asiyemjua hata kwa jina alichomoa friji lake na kusema, "Chomeka hapa, mwenzangu, chomeka." Midomo ya mtoto ilikuwa imeshaanza kugeuka rangi.

Mtoto hakufa siku ile. Mama mkwe aliporudi na kuelezwa, kwanza alivua viatu. "Kwani zamani watoto hawakuwa na vifua?" akasema, akaingia chumbani kwake. Mama Breka akamgeukia mumewe. Mpole akasema, "Mama ni mama."

Basi. Wiki hiyohiyo alifungasha, akambeba bintiye, akaenda kukaa kwa dada yake. Talaka ilimfuata huko kwa mkono wa mjumbe. Akapata kazi ya kufagia duka la vifaa vya umeme. Akaanza kuuliza jina la kila kitu rafuni, kisha kazi yake, na baadaye akajiunga na chuo cha ufundi, mwanamke peke yake darasani. Wenzake walijifunza umeme wapate kula. Yeye alijifunza ili asiombe tena soketi ya mtu, na, tuseme ukweli, ili siku moja yule mama aje kuiomba kwake. Hilo la pili hakumwambia mtu. Alilitunza miaka yote, na halikuoza wala halikukauka.

Geti la kijani lilifunguliwa na mwanamke kijana mwenye mikono yenye povu. Ndiye mke wa sasa wa Mpole. Mpole mwenyewe alitokea nyuma yake na kikombe mkononi. Alipomwona fundi, akakiweka kikombe chini.

"Ni... ni wewe?"

"Ni fundi. Si uliita fundi?"

"Wallahi sikujua. Ningejua..."

"Ungejua ungefanyaje? Ungepiga tindo mwenyewe? Mgonjwa yuko wapi?"

Mpole alitazama vidole vya miguu yake na kuonyesha kwa kidevu.

Mama Breka alifika mlangoni kwa mama mkwe na kuvuka kizingiti bila kusimama. Hiyo ilikuwa raha ya kwanza. Ya pili ilikuwa salamu. Mama yule alikuwa amelala juu ya mito, amepungua mwili, mipira myembamba ya hewa puani, mashine ikinguruma kando ya kitanda. Mtu mzima wa namna hiyo huamkiwa shikamoo hata na adui yake.

"Habari za hapa," Mama Breka akasema.

"Nani huyo asiyejua kuamkia watu?"

"Fundi."

Mama mkwe alimtazama. Mwili ulikuwa umezeeka, macho yalikuwa bado ya kijana. "Aa. Ni wewe. Umekonda."

"Umeme unakausha mafuta."

"Mji mzima hakuna fundi mwingine?"

"Wapo. Wamekimbia ukuta wako."

Soketi ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na ukiikaribia unasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Mama Breka aliipiga testa, akatikisa kichwa, akasema hii haikai hata wiki. Halafu akafanya kile anachokifanya kila nyumba kabla hajatoboa kitu. Mafundi wengine huweka soketi mahali ukuta unapopenda. Yeye huiweka mahali mkono wa mwenye kuitumia unapofika. Mpishi humsimamisha mbele ya jiko, fundi cherehani humkalisha kwenye kiti chake, na mgonjwa humwambia alale alivyozoea.

"Nyoosha mkono, mama."

"Wa nini?"

"Nijue unafika wapi."

Mama mkwe akanyoosha mkono upande wa ukuta. Ukaishia kwenye ubao wa skatingi, karibu na ukingo wake wa juu. Mama Breka akapiga alama ya penseli palepale. Kisha akautazama ukuta ule, na kazi yote ikamjia kichwani. Upande wa pili wa ukuta ilikuwa korido, na koridoni nako kulikuwa na skatingi. Soketi ingekaa humu ndani. Swichi ya kuiwasha na kuizima ingekaa kule nje, ambako mkono huu usingefika hata ungekuwa na urefu mara tatu. Kuanzia leo mama yule angepumua kwa hisani ya aliye koridoni. Mama Breka hakuwa mtu wa kuua. Alitaka kuombwa, basi, kwa maneno yaleyale. Moyo wake ulijaa furaha mbaya, akaitia penseli nyuma ya sikio, akaenda kuzima main swichi.

Mgonjwa akahamishiwa kwenye mtungi mdogo wa oksijeni waliopewa hospitali kwa saa za dharura, na kazi ikaanza.

Mbao za skatingi za nyumba ile zilikuwa pana kuliko za siku hizi, shibiri na zaidi, za mti mgumu ulioshiba rangi miaka nenda miaka rudi. Alichana rangi kwa kisu kwenye muungano wa ubao na ukuta, akaingiza kipande cha bati ili chokaa ising'oke, halafu akabandua taratibu kwa nyenzo. Misumari ililia mmojammoja. Nyuma ya ubao mlikuwa na uwazi wa vidole viwili, umejaa vumbi, mende wakavu na mchanga, na humo ndimo nyaya zingepita bila ukuta kujeruhiwa. Kwenye ubao alikata dirisha dogo kwa msumeno mwembamba, akatia boksi, akafunga soketi, akarudisha ubao mahali pake kwa skrubu badala ya misumari, maana msumari hauna macho, unaweza kuuchoma waya.

Mke wa sasa alikuwa akimfuata chumba hadi chumba, akifagia vumbi. Alikuwa na namna ya kutembea ukutaukuta, kama mtu anayeogopa kukanyaga sauti yake mwenyewe.

"Mbona unaziweka juu kwenye ubao, dada? Si zingekaa chini zisionekane?"

"Hapa mnadeki vipi?"

"Namwaga ndoo, halafu nasukuma na fagio."

"Ndiyo sababu. Maji ya ndoo yatapanda mpaka hapa." Mama Breka alipitisha kidole kwenye mstari hafifu wa uchafu ubaoni. "Fundi mwingine angeweka chini, na siku ya kwanza ya kudeki ungerushwa mpaka uani."

"Ulijuaje tunamwaga ndoo?"

"Nimemwaga mimi."

Yule mwanamke akaacha kufagia. Inaonekana hakuna aliyemwambia fundi huyu ni nani. Akamtazama, akaelewa, na baada ya hapo maneno hayakuzuilika. Alisema chaja yake inalala kwa jirani. Alisema pasi hupiga kwa shemeji yake, mtaa wa nne, na nguo zinarudi na makunyanzi. Alisema mama akiwa na hasira, hata blenda ya uji wake mwenyewe hairuhusu kuchomekwa, kisha analalamika uji una mabonge.

"Na mumeo anasemaje?"

"Anasema mama ni mama."

Mama Breka alicheka mpaka akakaa chini. Zamani alidhani maneno yale Mpole aliyapata kwa uchungu siku ile. Kumbe ni wimbo wake wa kila siku.

Akamwita yule mwanamke koridoni na kumwonyesha alipotoboa, tundu jembamba lililopita kutoka skatingi ya chumbani mpaka ya koridoni. "Swichi ya soketi yake itakaa hapa. Yeye akitaka umeme, ataomba."

Mke wa sasa alilitazama lile tundu. Kisha tabasamu likaanza kwenye kona moja ya mdomo na kuenea polepole.

"Dada," akasema, "Mungu akupe maisha marefu."

Wakafanya kazi mchana ule kama ndugu wa tumbo moja. Asiseme mtu kwamba kisasi hakina utamu. Wasemao hivyo hawajapata kukilipa, au walimlipa mtu asiyestahili. Mama Breka alikuwa akipiga mluzi. Na kazi yake haikuwa na doa: kila soketi na waya wake wa athi, ule wa kupeleka hitilafu ardhini, kila muungano ndani ya boksi, breka mpya ya kila upande wa nyumba. Sebuleni aliweka mbili, jikoni tatu, chumbani kwa mke wa sasa moja kila upande wa kitanda. Kisasi si sababu ya kulipua kazi.

Kazi ilipokwisha, aliwasha main swichi, akachomeka mashine ya oksijeni kwenye soketi mpya, mashine ikanguruma. Mama mkwe alivuta pumzi kwa raha. Akanyoosha mkono, akapapasa soketi, akabonyeza kitufe chake mara mbili ili kuhakikisha. Mtu wa soketi ni mtu wa soketi.

"Umeiweka vizuri," akasema, kwa taabu.

"Hiyo ya hapo ni ndogo. Swichi yenyewe iko koridoni. Ikizimwa kule, ya hapo haina neno."

Mkono wa mama mkwe ulitulia juu ya ubao. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Mwizi wa kuku anajua kilio cha kuku kikoje.

"Nani ataishika?"

"Aliye koridoni."

"Unataka kuniua."

"Mtu anayefunga mlango akaenda harusini na ufunguo ndiye anayetaka kuua. Mimi nimekuwekea umeme. Ukizimika, utaomba. Wanaoomba humu ndani husemaje? Nimesahau, nikumbushe."

Mama mkwe akageuzia uso ukutani. Mwanamke yule alikuwa amebakiwa na nusu ya pafu, lakini kiburi alikuwa nacho kizima. Mama Breka akasema moyoni, sawa, tuna muda. Alikaa kwenye ukingo wa kiti na kuanza kukunja mabaki ya nyaya yake, mmojammoja, bila haraka yoyote.

Mashine ikazimika.

Ikaanza kupiga kelele ile ya kuonya, tii, tii, tii. Mama mkwe aligeuka, macho yamemtoka. Mama Breka naye alishtuka, kwa kuwa hakuwa amegusa kitu. Akatoka mbio koridoni.

Mke wa sasa alikuwa amesimama wima, mikono miwili imeshika sinia la vyombo. Swichi ilikuwa chini, usawa wa muundi. Alikuwa ameizima kwa kidole gumba cha mguu.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema, akaiwasha tena kwa kidole hichohicho. Mashine ikanguruma. "Inafanya kazi." Akaizima tena. "Umeona? Hata kuinama siinami."

"Washa."

"Subiri kwanza, dada. Leo nataka anisikie."

Kutoka chumbani ilikuja sauti, kwanza ya kufoka, "We mshenzi wee!", kisha pumzi zikaikata katikati. Kelele ya mashine ikaendelea. Kisha sauti ikarudi, nyembamba, haina tena mwenyewe: "Naomba... naomba umeme, mwanangu. Naomba."

"Nani?" mke wa sasa akaitikia kwa sauti ya kuimba. "Sisikii!"

Anayesoma akingoja huruma imshike Mama Breka hapa, asijichoshe. Ilikuwa hasira. Maneno yale yalikuwa yake. Ni yeye aliyevuka barabara pekupeku, ni yeye aliyefagia duka la watu na kukaa peke yake darasani, ili siku moja ayasikie yakitoka mdomo ule. Na yametoka, ndiyo, yakaangukia kidole cha mguu cha mtu mwingine aliyeshika sinia la vyombo! Tena ameyasikia mara moja na bado anataka ya pili. Kesho atataka ya tatu. Keshokutwa ataizima akiwa na hasira ya mume, ataenda sokoni, atakutana na shoga yake, atasahau. Na mtu atakufa kwa waya wa Mama Breka. Alikitazama kile kidole kilivyotulia juu ya swichi, hakina hata haya, akawaza kwamba huenda hata mama mkwe alianza hivihivi, kwa kujaribu tu.

Alimsukuma kwa nyonga, vyombo vikalia, akaiwasha swichi mwenyewe. Akaingia chumbani na kumrudishia mgonjwa mtungi wake mdogo. Akaenda kuzima main swichi, akarudi koridoni na bisibisi, akapiga magoti.

"Unafanya nini?"

"Naitoa."

"Lakini umeiweka wewe! Umesema mwenyewe ataomba!"

"Nilitaka aniombe mimi. Wewe sikukuwekea."

"Mimi ndiye ninayeishi naye! Wewe ulishaondoka! Unajua mimi nimeomba mara ngapi mlangoni pale?"

Hapo alisema kweli, na kweli ilimchoma Mama Breka, lakini hakuacha kufungua skrubu. "Una soketi jikoni, una soketi sebuleni, una mbili kitandani kwako. Yeye hawezi kuziziba wala kuzifungia mlango. Hicho ndicho changu kwako. Ukitaka kugombana naye, gombana kwa mdomo, na uanze kwa yule mumeo."

"Una roho mbaya, dada."

"Ninayo," akajibu Mama Breka. "Lakini ni yangu, siazimishi."

Aliziunga nyaya moja kwa moja, akafunika tundu la koridoni kwa kipande cha ubao, akakikaza. Mke wa sasa alikuwa ameondoka na sinia lake, na jikoni sufuria zilikuwa zinawekwa kwa kishindo. Mama Breka akawasha umeme, akarudi chumbani, akachomeka mashine, akamwekea mama mkwe mipira ya hewa sawasawa puani. Mikono yake ilifanya hayo kwa ustadi, na moyoni alijisikia mtupu, kama mtu aliyepika karamu ikaliwa na wapita njia.

Mama mkwe alipumua mpaka rangi ikamrudia.

"Umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Basi umenisamehe."

"Hapana."

Mama mkwe alilipima jibu hilo. Pengine alikuwa amelitarajia. Jikoni blenda ilianza kulia, mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe, na uso wake ukakunjamana.

"Watamaliza umeme," akasema.

"Watamaliza. Zoea."

Alikusanya vifaa vyake. Mpole alikuwa amefika mlangoni na kusimama, nje ya kizingiti, mabega chini. Tangu asubuhi alikuwa akitokea na kupotea. Aliuliza kama fundi atakunywa chai. Aliuliza kama ukuta utahimili. Aliuliza kama vumbi litamdhuru mama. Mama Breka alimjibu yote, na katika yote aliyouliza kulikuwa na moja ambalo hakuligusa.

Aliyeligusa ni mama yake. Mama Breka alikuwa ameshatupa mkoba begani.

"Wewe," mama mkwe akaita. Alitafuta jina, hakulipata, au hakuthubutu. "Yule mtoto."

Mama Breka akasimama.

"Leo nimejua," mama mkwe akasema, akipumzika kila baada ya neno. "Hewa ikikosekana, mtu hawazi kitu kingine. Hata Mungu humuwazi. Na yeye alikuwa mdogo vile. Kile kifua chake... kilipona? Yu hai?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa jibu tamu. Binti yule alikuwa na meza ya viatu sokoni, na sauti yake ya kuita wateja ilisikika mpaka barabara ya pili, hadi majirani wa meza walimbandika jina la Spika. Asubuhi ileile alikuwa ameimba bafuni mpaka mama yake akamgongea mlango. Alikuwa na pua ya bibi yake, ileile, na ukali wake pia. Sentensi moja ingetosha. Kikongwe kingelala usiku huo.

Mama Breka alimtazama mama mkwe, macho yale yaliyokuwa yakimsihi bila kizuizi, bila kiburi, kwa namna ambayo hata umeme haukuombwa. Hatimaye maombi haya yalikuwa yake. Hakuna wa kumnyang'anya.

"Muulize mwanao," akasema.

Akampita Mpole mlangoni, bega kwa bega, bila kumgusa. Alitembea koridoni hatua zake za kawaida, akapita jikoni kwenye blenda, akafika getini. Nyuma yake alisikia sauti ya mama mkwe ikiuliza, taratibu kwanza, "Mwanangu, mtoto wako yu hai?" Kisha akaisikia ikiuliza tena, kwa nguvu zote ilizobakiwa nazo. Hakuna aliyejibu, na mashine ikaendelea kunguruma.